Hodi Kutoka Ndani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama jikoni unasoma huku unakoroga sufuria, maana ni ndefu na ninakujua. Hali yako? Mgongo umeacha kukuuma? Shemeji yangu ni mzima? Na yule mwanangu mtundu, bado anakimbia akiona sabuni? Sisi huku wote wazima. Mama hajambo. Miguu inamsumbua kidogo akisimama sana, lakini sauti yake haina ugonjwa wowote. Jana alimwita muuza mboga kutoka dirishani, akaitika na muuza samaki wa mtaa wa pili. Mimi pia sijambo. Nimekonda, ila Mama anasema nimenenepa, kwa hiyo tuseme nipo vilevile.

Umeniuliza nafanya nini tangu nimalize shule, ukasema umesikia kwa yule fundi bomba aliyepita huko kwamba siku hizi nazurura kwenye nyumba za watu. Ningekupigia simu nikueleze, lakini unanijua. Nikishika simu maneno yananikimbia, nabaki kuvuta pumzi sikioni mwa mtu kama mwizi. Kwenye karatasi naweza. Basi nivumilie.

Ni kweli naingia kwenye nyumba za watu, lakini sizururi. Nilipomaliza mtihani nilikaa ndani kusubiri majibu, na wewe uliyenipa jina la Kobe unajua nikikaa ndani nakaaje. Mgeni akija, nahamia chumbani. Akiniulizia, nimelala. Mama akachoka. Alisema nitaota ukungu kama mkate, akanikabidhi kwa msusi wa hapa jirani, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, anitoe nje nikaone jua. Redio akanipeleka kwenye kikundi chake cha kujitolea. Wanakutana katika chumba kimoja nyuma ya zahanati, penye viti vya plastiki na mizani ya zamani ya watoto wachanga ambayo siku hizi wauguzi wanapimia vitunguu.

Kazi yao nikuelezeje. Mjini hapa kuna akina mama na akina baba vijana waliohamia kufuata kazi, wana watoto wadogo, na hawana mtu. Hawana mama wa karibu, hawana shangazi, hawana hata jirani wa kumwambia nishikie mtoto nioge. Basi kila mwanakikundi anapewa nyumba yake, na siku moja kila wiki anakwenda huko, anakaa nao. Hapeleki dawa, hapeleki chakula, hapeleki mahubiri. Kama mama anafua, wanafua pamoja. Kama analia, analia, na mgeni yupo. Niliposikia hivyo nilifikiri ni kazi ya wavivu.

Kiongozi wao ni mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuangusha vyombo, anayepoteza miwani yake kila siku na kuikuta kichwani. Alitufundisha sisi wapya mambo machache, mengine akayasahau katikati. Alisema ukifika, piga hodi usubiri. Usichungulie dirishani, nyumba ya mtu si duka. Hata kama mlango uko wazi, usiingie mpaka uambiwe karibu. Na akasema kuna neno moja ambalo lazima tuliache mlangoni pamoja na viatu, nalo ni "mbona". Mbona mtoto hana soksi. Mbona vyombo havijaoshwa. Mbona umekonda. Mama mchanga, alisema, anashinda na mbona mchana kutwa, na nyingine anajiuliza mwenyewe, hahitaji mgeni amletee zaidi. Redio alikiri mbele ya watu wote kwamba neno hilo limemshinda: akilizuia mdomoni linatokea puani.

Mimi nikapewa nyumba kwenye jengo la kijivu, ghorofa ya juu kabisa, juu ya fundi baiskeli. Ngazi hazina taa, na ukipanda unajua kila nyumba inakaanga nini. Mwisho wa korido kuna mlango wa bluu. Nilisimama pale, Dada. Nikasema hodi. Hata mimi mwenyewe sikuisikia. Nikasema tena, ikatoka kama ya panya. Nikawaza niondoke, nikamwambie Mkunga kwamba hawapo. Nikiwa bado nawaza, mlango ukafunguka na beseni zima la maji ya kuoshea korido likanimwagikia miguuni.

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa. Yule mama akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, kisha wote tukaona haya. Alikuwa msichana tu, hanizidi miaka mingi, nywele zimefungwa kwa kipande cha shuka. Alivianika viatu vyangu dirishani, akanipa vya mumewe, vikubwa kama mitumbwi. Nikaketi kwenye stuli nimevaa mitumbwi hiyo, sina la kusema. Yeye naye hana la kusema. Na kati yetu, sakafuni, alikaa mtoto.

Mtoto mwenyewe ni wa kike, ameshapita miaka miwili. Alikuwa amekunja mikono, ananitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mitumbwi, halafu anarudi juu polepole, kama wale wakaguzi waliokuwa wakija shuleni, ambao hata mwalimu mkuu akiwaona anachomekea shati. Moyoni nikampa jina la Mkaguzi. Baadaye lilinitoka kwa bahati mbaya, mama yake akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo naye amekuwa Mama Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa hasemi. Si kwamba alisema kidogo au kwa kubabaika. Hakuwa na neno hata moja, hata "mama" hakuwa nalo. Masikio yake ni mazima. Walimpima zahanati, na hata mimi niliona kijiko kikianguka nyuma yake anageuka. Lakini majirani walishampa jina lao, Bubu, na walimwita hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema yule mrefu au yule mfupi.

Sasa fikiria. Nyumba isiyo na maneno, na anayetumwa huko ni mimi. Siku ile tulikaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Nilitoka na aibu yangu nikaenda moja kwa moja kwa Mkunga, nikamwomba anibadilishe na Redio. Nilimwambia mtoto yule anahitaji kusikia maneno, na Redio anayo mpaka ya kugawa. Mkunga akaanza kucheka. Akatafuta miwani, nikamwonyesha kichwani, akaangalia karatasi zake, akasema kumbe ndivyo alivyopanga mwenyewe: Redio mlango wa bluu, na mimi mlango wa kijani wa jengo linalofuata, kwa wale wenye mapacha wanaolia kwa zamu, ambako mgeni hahitaji kusema kitu kwa sababu hasikiki. Alichanganya milango. Akaniahidi kwamba kesho yake atakwenda kumwomba yule mama radhi na kumpelekea mtu mwenye mdomo.

Aliporudi hakuwa anacheka. Aliniambia yule mama amekataa. Amesema hataki mwingine, anamtaka yuleyule mwenye woga.

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa kidogo kidogo, kwa sababu Mama Mkaguzi alinieleza mwenyewe. Alisema kila aliyewahi kuingia kwake aliingia na maneno yake. Muuguzi na maswali, jirani na ushauri, mumewe na uchovu wa safari. Kazi yake yeye ilikuwa kuitikia. Nilipokuja mimi nikakaa kimya, nimelowa, macho chini, aliona vibaya. Mgeni gani huyu anakaa kwangu kama mshtakiwa? Mwenyeji hawezi kumwacha mgeni hivyo. Kwa hiyo nilipokwenda tena, ni yeye aliyeanza, kwa kunihurumia. Aliniambia niingie nisiogope, hapa hakuna mbwa. Akaniambia ngazi ipi imevunjika. Akanieleza habari za mumewe, anayeendesha katapila kwenye ujenzi wa barabara mbali sana, na kadiri barabara inavyosogea mbele ndivyo naye anavyosogea mbali na nyumbani, hata siku hizi anasema atarudi akimaliza kilima kile, kisha kile kingine. Mimi nilikuwa naitikia tu. Ehe. Alaa. Kweli? Na maneno yalikuwa yanakuja, Dada, kwanza moja moja, kisha yanasukumana mlangoni kama wanafunzi wakisikia kengele ya kwenda nyumbani.

Siku moja akaniambia kwa nini nyumba ilikuwa kimya. Walipohamia pale mtoto akiwa mchanga, alikuwa akimwimbia na kumsimulia kila kitu, sasa tunaosha mkono huu, sasa tunaosha ule. Ukuta wa pale ni mwembamba kama karatasi. Akawasikia wanawake upande wa pili wakicheka, mmoja akisema huyu naye bado kidogo atavua nguo sokoni, anaongea peke yake mchana kutwa. Aliona aibu. Akaanza kunong'ona. Kisha akaacha. Aliniambia maneno ni kama maziwa ya mama, usipoyatoa yanakauka, wala hujui yalikauka siku gani. Nikasema pole. Hata ile pole ilitoka kama ya panya. Lakini aliisikia, akanishika mkono.

Siku hiyohiyo ndipo aliponiambia kuhusu mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe: atakuja mwisho wa mwezi, na kama mtoto bado hasemi atamchukua, akalelewe penye watu. Baba Mkaguzi alipoulizwa kwa simu alisema mama yake amelea wengi, anajua zaidi. Mama Mkaguzi alinieleza hayo akiwa anakunja nguo za mtoto, na alikuwa anakunja kigauni kilekile, anakikunjua, anakikunja tena. Alisema akichukuliwa huyu, nitaamka asubuhi nifanye nini? Hakuwa ananiuliza mimi.

Dada, uliwahi kumtazama mtoto anayesikiliza? Mimi sikuwa najua kama ni kitu cha kutazama. Mama yake alipokuwa akiongea na mimi, Mkaguzi aliacha chochote alichoshika. Alikuja kusimama kati ya magoti ya mama yake, akaweka kidole kwenye shingo yake, pale pale sauti inapotetemeka, akakiacha hapo. Mama akinyamaza, alikibonyeza, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango. Mama akicheka, naye alicheka bila sauti, mabega tu. Na midomo yake ilikuwa inatembea. Haikutoa kitu, lakini ilifuata, nyuma kidogo, kama mtu anayejifunza sala mpya kanisani au msikitini na anaogopa kukosea. Niliogopa hata kukohoa. Nilijiona nimekaribishwa mahali ambapo kitu kinaumbwa, na mimi nimekaa pale na ile mitumbwi ya mumewe, niliyozoea kuivaa humo ndani.

Mchezo wetu ulianza kwa bahati. Ule mlango wa bluu una kasoro, bawaba zimelegea, ukiuachia unajifunga wenyewe. Siku moja Mkaguzi alinisindikiza mpaka kwenye korido, mlango ukatufungia nje. Nikasema hodi, yeye ameshika kidole changu. Ndani mama yake akaitikia kwa sauti ya watu wakubwa: karibu mgeni! Umetoka wapi, mgeni? Umekuja na nani? Na huyo mfupi naye ni mgeni, au ni mzigo wako? Tukaingia, akatupa mikono wote wawili, akamketisha Mkaguzi kwenye stuli ya wageni. Mkaguzi akakunja mikono, akatazama nyumba yake kama hajawahi kuiona. Kisha akashuka, akanivuta kidole. Nje tena. Hodi tena. Tulikwenda hivyo mpaka jirani, yule wa kucheka, akafungua mlango kuuliza kama kuna harusi, mbona wageni hawaishi. Kila wiki mchezo ni huo. Na hodi yangu ilikua, Dada. Mwishowe hata fundi baiskeli kule chini alikuwa akiisikia anaitikia karibu bila kuinua kichwa.

Mwisho wa mwezi ukafika, na mama mkwe akafika siku yangu mimi.

Ni mwanamke mrefu, kitambaa cha kichwa kimekaa sawasawa, na mkononi ameshika begi tupu. Begi lile liliniogopesha kuliko angekuja na fimbo. Si mtu mbaya, nataka nimtendee haki. Alileta sabuni, na gauni la mtoto alilolishona mwenyewe, lenye mfuko mbele. Lakini lile neno tuliloambiwa tuliache nje, yeye aliingia nalo na viatu vyake. Mbona ngazi hazina taa? Mbona ndoo haina mfuniko? Mbona huyu msichana anakaa kama aliyepigwa? Msichana ni mimi. Kisha akamwita Mkaguzi, akamsimamisha mbele yake. Sema bibi. Bi-bi. Haya, sema baba. Mkaguzi akakunja mikono, akamkagua. Walitazamana wale wawili, na walifanana mpaka namna ya kukunja midomo. Ingekuwa siku nyingine ningecheka.

Mama Mkaguzi alisimama kando ya jiko, na nikaona maneno yake yote ya wiki zile yanarudi kooni na kuzama. Ndiyo mama. Hapana mama. Mama mkwe hakupandisha sauti. Alisema kwake kuna wajukuu wengi, wanapigana na kutaniana tangu asubuhi, huko hata jiwe litasema. Alisema halaumu mtu, ila mti haukui ndani ya chupa. Akafungua begi akaanza kupanga nguo. Mimi nilikuwa na la kusema, Dada, na nitakuambia ni lipi, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito kama kipande cha mti.

Akamshika mtoto mkono, akatoka naye kwenye korido amvalishe viatu penye mwanga. Mlango ukajifunga nyuma yao kama kawaida yake. Ndani tukabaki mimi na Mama Mkaguzi na lile begi lililojaa nusu. Hakulia. Aliokota soksi moja iliyoanguka, akainama chini ya kitanda kutafuta ya pili.

Ndipo nje ya mlango, chini karibu na sakafu, ikaja sauti. Ilikuwa nzito kidogo, ya kukwaruza, kama kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumika. Ilisema, "Odi."

Na Mama Mkaguzi, kichwa bado kiko chini ya kitanda, akajibu kama alivyozoea, bila kufikiri, "Karibu mgeni."

Kisha akatoka huko chini polepole, akanitazama. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nimekaa mbele ya macho yake, mdomo umefungwa. Unajua umeme unapokatika, mkasahau kuzima taa, halafu unarudi ghafla nyumba nzima kwa pamoja, hata chumba ambacho hamkuwa mmekiwaza? Uso wake ulikuwa hivyo. Nje sauti ikasema tena, "Odi!", sasa kwa hasira, maana mgeni alikuwa anacheleweshwa.

Alifungua mlango akapiga magoti pale pale kizingitini. Akamwuliza, sauti haikamatiki, umetoka wapi mgeni wangu? Umekuja na nani? Mkaguzi akamwekea kidole shingoni. Nyuma yake mama mkwe alisimama na kiatu kimoja cha mtoto mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa na neno. Kisha akalipata. "Mbona hamkuniambia kama anasema?" Mama Mkaguzi alicheka huku analia, akamwambia, mama, ndiyo leo, ndiyo sasa hivi, ni neno lake la kwanza, mwanangu amepiga hodi kwangu. Akarudia hivyo tena na tena: amepiga hodi kwangu mimi. Na upande wa pili wa ukuta, yule jirani wa kucheka naye akaitikia, "Karibuuu!"

Mama mkwe alikaa siku kadhaa. Alilala sakafuni na mjukuu wake, akafunika ndoo, akamfuata mwenye jengo kuhusu taa za ngazi mpaka zikawekwa. Kisha akaondoka na begi tupu kama alivyokuja nalo. Alisema neno moja si hotuba, atarudi kukagua. Akirudi atakuta "maji", atakuta "apana", na Mungu amsamehe, atakuta "bona". Mtoto anamwuliza paka bona, anaiuliza mvua bona. Mkunga anasema ametuaibisha kikundi kizima.

Sasa, Dada, nifike kwenye lile lililonifanya nichukue karatasi. Ile haikuwa hodi ya kwanza.

Wiki moja kabla, Mama Mkaguzi alishuka uani kuanika nguo, akaniachia mtoto. Nilikuwa nafuta vijiko. Mkaguzi akaenda mlangoni, ukiwa umefungwa. Akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye ule uwazi wa chini unaopitisha mwanga, akasema, "Odi." Alipiga hodi kutoka ndani kwenda nje, kana kwamba nyumba ni huko, kwenye ngazi na barabara na watu wote, na yeye ndiye mgeni. Kisha akanyamaza, akasubiri. Alikuwa amejifunza kwamba lazima usubiri. Vijiko vilinianguka. Nikahisi kama nimesimama ukingoni mwa kitu kisicho na mwisho. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuitikia. Basi nikapiga magoti, nikaitikia mimi. Nikamwambia karibu.

Nilikimbilia dirishani nimwite mama yake. Alikuwa kule chini, vibanio vya nguo amevishika kwa meno, anaanika ovaroli ya mumewe. Akaniona, akainua nyusi kuniuliza kuna nini. Na maneno, ambayo kwa mara moja katika maisha yangu yalikuwa yamejaa mdomoni, niliyameza. Nilimpungia mkono tu. Niliona kwamba nikimwambia, atapewa habari ya neno la mwanawe kama mtu anavyopewa habari ya harusi iliyompita. Angefurahi. Lakini lingekuwa langu.

Wiki nzima sikulala vizuri. Je, asiposema tena? Bibi akija akamchukua, na neno lake limebaki kwangu? Siku ile, begi linajaa, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, na hapo ndipo ile sauti ilipokuja nje ya mlango. Nikaufunga. Sijamwambia Mama Mkaguzi, na sitamwambia, hata nikizeeka. Hata Mkunga hajui. Nakuambia wewe peke yako, na sababu ninayo.

Unajua Mama anavyopenda kusimulia neno langu mimi. Kila mgeni lazima alisikie: alivyorudi kutoka kazini kwake, jikoni kule hospitali, mguu mmoja ndani na mmoja nje, hata mkoba hajaushusha, nikamtazama nikasema "mama". Na humalizia kwa kusema, mwanangu alinisubiri. Sasa nimefikiri, Dada. Mama alikuwa anaondoka kabla sijaamka, na anarudi nimeshakula. Wewe ukitoka shule ulinichukua kwa jirani, na siku za likizo nilishinda mgongoni mwako kutwa, shavu langu kwenye shingo yako. Na nimekumbuka jambo jingine. Mama akifika pale kwenye mkoba, wewe huinuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Kila mara. Mimi nilidhani hadithi imekuchosha.

Ulikuwa mtoto wa darasa la nne. Nani alikufundisha?

Usinijibu kwa barua. Macho ya Mama hayaoni tena maandishi madogo, barua zako zote mimi ndiye ninayemsomea kwa sauti, na nikiruka mstari anajua.

Mpe Shemeji heshima zangu. Mwambie mwanangu mama yake mdogo anamsalimia na kwamba sabuni haiumi. Mama anasema ulale mapema na usiinue ndoo kubwa. Redio naye anakusalimu, alitaka kuongeza maneno yake hapa chini lakini karatasi imeisha. Ubaki salama huko uliko, Dada, na mlango wenu usikose watu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kobe